Neno Lililozima Joto la Mayai Sitini

Jongeeni, enyi mliowahi kupuliza vumbi kwenye soketi huku mkiomba kimoyomoyo taa iwake. Vuteni viti, mpate habari za vita vilivyopiganwa jikoni kwa shangazi, kati ya ndoo ya unga na mashine ya kutotolea vifaranga.

Humo mlikuwa na mayai sitini, siku ya kumi na tisa, mengine yameshaanza kulia kwa ndani. Aliyeiundia mashine hiyo akili, yaani kompyuta isiyozidi kiberiti, inayoendeshwa na programu ya Linux, ni binti wa kaka yake shangazi, shujaa mpole aitwaye Bi Sawa, kwa kuwa hata ukimkanyaga mguu hujibu, “Sawa.” Asubuhi hiyo aliandika upya daftari la vifaa, faili lililomo ndani ya kompyuta hiyo. Tangu hapo kipimajoto hakikuonekana, na bila kipimajoto kompyuta iligoma kuwasha balbu ya joto. Mayai yakaanza kupoa.

Shangazi aliifunika mashine blanketi kama mgonjwa, akahutubu:

“Mwanangu, mayai haya nimeyageuza kwa mkono wangu huu. Hao wanaolia wanaijua sauti yangu. Yakipoa sitakaanga, nitazika.”

“Sawa, shangazi.”

Basi Bi Sawa, mwenye bisibisi isiyotetemeka, akazivamia nyaya. Zote zilikuwa nzima. Akaiuliza Linux imeona nani. Fleshi iliyochomekwa ubavuni ilikuwepo, maana fleshi ni mgeni wa kelele, hujitangaza tangu mlangoni. Lakini kipimajoto ni cha ukoo wenye haya: huning'inia kwenye nyaya mbili, kimya, mpaka kiitwe. Ndiyo maana Linux, kila iamkapo, husoma daftari lile: jina la kifaa, namba ya nyumba yake, na neno moja la kuonyesha kama kiko kazini. Ikikuta hapo neno isilolijua, haiendi kubisha hodi.

Akalifungua daftari. Jina, sahihi. Namba, sahihi. Kisha akaona, kwa mwandiko wake mwenyewe, neno la Kiswahili palipotakiwa “okay”, neno ambalo Linux hulijua.

“Shangazi,” akasema kwa sauti ya kuungama, “nimeandika sawa.”

“Kama umeandika sawa, mbona haiwaki?”

“Haiwaki kwa sababu nimeandika sawa.”

Shangazi akaketi juu ya ndoo ya unga. “Hebu anza tena, polepole, kama unaongea na mtu mzima.”

Lakini shujaa alikuwa amekwisha kushambulia. Alizing'oa herufi nne, akasimika nyingine nne, akalijenga daftari upya, akaizima Linux na kuiwasha. Ikaamka, ikasoma, ikabisha hodi. Na kutoka kwenye zile nyaya mbili kipimajoto kikaitika: nyuzi thelathini na tano. Balbu ikawaka. Chini ya blanketi yai moja likalia, na shangazi akaliitikia.

Kisha akatwaa kalamu ya wino mzito, akaandika juu ya mfuniko, vizazi vijavyo visome: MASHINE HII HAIJUI SAWA.

“Nikuwekee chai?” akauliza.

Bi Sawa akafumbua kinywa, akautazama mfuniko, akajibu kwa tahadhari ya mtu aliyetoka vitani:

“Okay, shangazi.”