Darasa la Mtu Mmoja

Ilitangazwa, kengele ya kanisa la chuo ikiwa imegongwa mara saba badala ya mara tatu za kawaida, kwamba kuanzia mwaka huo wa masomo chuo kimeagana na uzembe. Makamu Mkuu wa Chuo alipanda mimbarani baada ya ibada ya asubuhi, akafuta miwani, akausoma Waraka wa Ubora Endelevu kuanzia tarehe hadi sahihi yake mwenyewe. Katika kila kundi, alisoma, wa kwanza atatunukiwa cheti na kikombe, na wa mwisho atarudi darasani mwaka mzima. Haijalishi wa mwisho kapata alama ngapi. Wa mwisho ni wa mwisho. Na kundi maana yake ni kila darasa, kila idara na kila ngazi ya utumishi, bila kujali ukubwa wake.

Hayo maneno "bila kujali ukubwa wake" aliyaongeza kwa mkono wake, baada ya wanafunzi wa theolojia kunung'unika kwamba wao ni kumi na mmoja tu. "Mbele ya ubora hakuna uchache," aliwajibu, nao wakaliandika jibu lile kwenye madaftari, kwa kuwa ni watu wanaoandika lolote linalosemwa na mtu mzima aliyesimama.

Kanisa zima likapiga makofi. Hata binti aliyekuwa amekaa kwenye kinanda alipiga, maskini ya Mungu, kwa nguvu kuliko wote.

Binti huyo aliitwa Darasa. Alikuwa na jina la ubatizo, lakini pale chuoni lilikufa mapema, kwani yeye ndiye aliyekuwa mwaka wa tatu wote wa Shahada ya Muziki wa Kanisa. Walianza wanne. Mmoja aliolewa, mmoja akahamia biashara, na wa tatu aligundua kwamba kinanda kile hupigwa hadi kwa miguu, akafunga begi siku hiyo hiyo. Tangu hapo Darasa alijiendesha kwa mujibu wa kanuni. Alijichagua kuwa mwakilishi wa darasa kwa kura moja, hakuna iliyoharibika. Kazi za vikundi alizifanya kama kikundi, na kwa kuwa fomu ilikuwa na mistari mitano, aliandika jina lake mara tano. Akichelewa, mhadhiri aliandika kwamba darasa lote limechelewa. Mpishi wa bwalo akimwona mlangoni alipaza sauti, "Haya, Darasa limeingia, pakueni!" na akapakuliwa sahani moja.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mzembe. Yule binti alijua kupiga kinanda, jamani! Wazee waliokuja kanisani kusinzia walisahau kilichowaleta. Shule moja ya sekondari ya wasichana ilimsikia, ikamwandikia barua: tuna piano imefunikwa shuka miaka sita, njoo uifunue, lete shahada yako kabla shule haijafunguliwa, usipofika tutamchukua mwingine. Barua ile aliilalia chini ya mto. Hakutaka kingine duniani.

Matokeo yalitoka Jumanne, wiki sita kabla ya mahafali. Darasa alipokea bahasha mbili. Ya kwanza ilimpongeza kwa kushika nafasi ya kwanza katika darasa lake, kwa asilimia themanini na tisa, na kumwalika kupokea kikombe. Ya pili ilimsikitikia kwa kushika nafasi ya mwisho katika darasa lake, kwa asilimia themanini na tisa, na kumwarifu kwamba atarudia mwaka. Zote zilikuwa na mhuri.

Akampigia shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na ambaye gauni la mahafali alikwisha kulishona, bado vifungo.

"Shangazi, matokeo yametoka."

"Ehe! Umekuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Shangazi alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Darasa akamwacha amalize.

"Na wa mwisho, shangazi."

"Nani wa mwisho?"

"Mimi."

"Mwanangu, umekula lakini?"

"Nimekula. Nipo peke yangu darasani. Kwa hiyo wa kwanza ni mimi, na wa mwisho ni mimi, na wa mwisho anarudia."

"Kumbe uliyemshinda ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi mwambie huyo uliyemshinda arudie, wewe njoo nyumbani," alisema shangazi, na kwa kweli katika jambo lile zima hakuna aliyetoa ushauri wenye mantiki zaidi. Kisha akaanza kulia, na Darasa naye akalia, wakaendelea hivyo mpaka muda wa maongezi ukaisha.

Kesho yake alikwenda ofisi ya Afisa Udhibiti Ubora. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mwaminifu kupindukia, aliyewahi kujiandikia barua ya onyo kwa kuchelewa na kuijibu kwa maandishi. Ofisini mwake faili zilisimama kwa urefu, fupi mbele, ndefu nyuma.

"Karibu, Darasa. Hongera sana na pole sana," alisema kwa moyo mweupe.

"Mzee, nimepata themanini na tisa."

"Nimeiona. Ndiyo alama ya juu kabisa katika darasa lako. Bahati mbaya ndiyo ya chini pia."

"Sasa nikirudia mwaka, si nitakuwa peke yangu tena?"

Afisa alilipima swali kwa haki. "Kwa takwimu zilizopo, ndiyo."

"Nitakuwa wa mwisho tena."

"Na wa kwanza tena. Utakuwa na vikombe viwili." Akamsogezea kikasha cha karatasi za kufutia machozi, kilichokuwa na namba ya mali ya chuo.

Mchungaji wa chuo, aliyekuwa amekuja kuomba balbu, alishindwa kujizuia. "Ndugu yangu, sisi ni Walutheri. Mtu huokolewa kwa neema, si kwa matendo."

"Huko mbinguni, Mchungaji, sina mamlaka," alijibu Afisa kwa unyenyekevu. "Huku chini kuna alama."

Darasa akajipa moyo akamvizia Makamu Mkuu kwenye korido, anapotoka kunywa chai. Makamu Mkuu alimsikiliza akitembea, jambo lililomlazimu binti kujieleza akienda kinyumenyume.

"Binti, nikikuonea huruma wewe, kesho watakuja wengine wa darasa lako."

"Hakuna wengine, Baba."

"Umeona? Hata wao wamekukimbia." Akamgusa bega. "Sheria haichagui mtu. Mwaka mmoja si kitu. Mimi mwenyewe ningerudi darasani kesho, kazi tu ndizo zinanibana."

Akaingia ofisini, mlango ukajifunga taratibu, maana ulikuwa wa kisasa.

Sasa hapo ndipo mtu mwingine angefungasha. Darasa alirudi bwenini, akausoma waraka. Ni vizuri ijulikane kwamba hadi siku ile, mimbarani ukiacha, hakuna aliyekuwa ameusoma. Ulikuwa umesikilizwa, umepigiwa makofi, umechapwa nakala mia nne, lakini kusomwa, la. Aliusoma mara tatu, kidole kikitembea chini ya mistari. Kisha akaandika karatasi moja, kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye mlango wa kanisa. Ubao wa matangazo ulikuwa umefungwa na ufunguo haujulikani ulipo, tena kanuni zilikataza kubandika karatasi popote pengine. Lakini kwenye mlango wa kanisa, katika chuo cha Kilutheri, dhehebu lililoanza kwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa kanisa, hakuna mtu aliyewahi kupata ujasiri wa kukataza.

Karatasi haikulalamika. Iliuliza tu: *Kwa heshima, naomba kufahamishwa wa mwisho katika kila ngazi ya utumishi ni nani. Wako mtiifu, Mwaka wa Tatu Muziki wa Kanisa.*

Afisa Udhibiti Ubora aliikuta asubuhi, akaisoma, akavua kofia. Alikuwa ameshughulika na madarasa tu. Ngazi za utumishi alizisahau kabisa! Akajiandikia onyo la pili, akafunga mlango, akafanya kazi siku nne.

Seneti ilikutana Jumatatu, na safari hii Baba Askofu, mwenyekiti wa baraza la chuo, alikuwepo, kwa kuwa Makamu Mkuu alimwita mwenyewe aje ashuhudie mafanikio. Darasa alikaa mwisho wa meza kama mwakilishi wa darasa, haki yake kwa kura moja.

"Na waraka huu," aliuliza Askofu, "umetekelezwa kote? Maana karatasi nzuri nimeziona nyingi."

"Kote, Baba Askofu. Bila kumwogopa mtu," alisema Makamu Mkuu. "Afisa, soma."

Afisa akasimama na kusoma. Ngazi ya walinzi. Ngazi ya wapishi. Hapo mpishi wa bwalo aliibuka wa kwanza, akashangiliwa. Wahadhiri wasaidizi, wahadhiri, wahadhiri waandamizi. Nyuso zilibadilika rangi kadiri ngazi zilivyopanda. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho.

"Ngazi ya Makamu Mkuu wa Chuo. Idadi ya watumishi: mmoja. Wa kwanza: Makamu Mkuu wa Chuo."

Makofi yalilipuka. Makamu Mkuu alisimama, akainama kidogo kulia, kidogo kushoto, akaweka mkono kifuani.

"Wa mwisho," aliendelea Afisa, "Makamu Mkuu wa Chuo."

Makamu Mkuu alikuwa bado ameinama. Alibaki hivyo kwa muda, kama mtu aliyeangusha shilingi.

"Kuna kosa," alisema alipoinuka.

"Nimehakiki mara tatu, Mheshimiwa. Wa mwisho anarudi darasani mara moja, kila mmoja katika fani yake; ila ukuu wa chuo hauna darasa lake, hivyo umepangiwa programu yenye nafasi nyingi kuliko zote. Ni Muziki wa Kanisa, mwaka wa tatu. Nafasi arobaini, imejaa moja. Na kwa kuwa mwaka haujafungwa, na hukufanya mtihani, umepangiwa mtihani maalumu wiki ijayo."

"Waraka huo nautengua! Sasa hivi!"

"Kifungu cha tisa," alisema Afisa kwa huzuni ya kweli, "hautenguliwi na yeyote aliyeathirika nao. Ni maneno yako, Mheshimiwa. Uliyapigia mstari."

Wote wakamtazama Askofu. Askofu alivua miwani, akaitazama dari kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Aliporudisha uso alikuwa ameshautengeneza. "Ndugu zangu," alisema, "ni mara chache mtu hupata kiongozi aliye tayari kuanza na yeye mwenyewe. Tumwombee." Wakamwombea. Mchungaji ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wiki ile Darasa alimfundisha mwenzake kila jioni baada ya ibada, na alimfundisha kwa dhati, hakumfanyia hila. Mzee wa watu alijitahidi. Mikono ilipokwenda, miguu ilisahau. Miguu ilipokumbuka, mikono ilisimama kuitazama. "Hivi wewe umewezaje haya miaka mitatu?" aliuliza siku moja akihema, jasho likimtiririka.

"Nilikuwa nataka, Baba," alisema Darasa. Makamu Mkuu alijifuta jasho. Akaomba waanze tena.

Siku ya mtihani kanisa lilijaa hadi madirishani. Makamu Mkuu alipiga wimbo ambao kila mtu pale aliujua tangu utotoni, na hakuna aliyeutambua. Alipata asilimia kumi na nne. Kumi kati ya hizo zilikuwa za unadhifu. Afisa alipanga upya matokeo ya darasa: wanafunzi wawili, wa kwanza mmoja, wa mwisho mmoja, kila mtu na bahasha yake.

Darasa alihitimu akiwa amevaa gauni lenye vifungo vyote, shangazi akipiga vigelegele mpaka akakumbushwa kwamba ni kanisani, akapiga tena. Shahada alikabidhiwa na Askofu. Wiki ile ile alipanda basi, na piano ya wasichana ikafunuliwa shuka.

Muhula mpya ulipofunguliwa, Afisa Udhibiti Ubora alichapa orodha za madarasa. Mwaka wa tatu Muziki wa Kanisa ulikuwa na mwanafunzi mmoja.

Makamu Mkuu aliisoma orodha ile mara mbili. Hesabu haikuwa ngumu. Kuanzia siku hiyo akaonekana penye foleni ya usajili tangu asubuhi, amekumbatia rundo la fomu, akiwashika mikono wanafunzi mmoja mmoja. "Mwanangu, hujawahi kufikiria muziki wa kanisa? Ni programu nzuri sana. Hata kwa kuhamia. Hata ukiwa huwezi. Hasa ukiwa huwezi."

Msichana mmoja wa uhasibu alimhurumia, akaichukua fomu, akaigeuza nyuma na mbele.

"Na wewe, Mzee, mwaka jana ulikuwa wa ngapi?"

"Wa pili," alisema Makamu Mkuu, akamwazima kalamu.