Hodi Moja Haitoshi

Jumatatu, 2 Juni
Leo mafundi wakubwa wa kompyuta duniani wameniomba mimi, Yotham wa Majengo, niwakagulie mtambo wao. Mimi!

Haya, daftari la nini kulidanganya. Aliyeombwa ni Anitha, mjukuu wangu. Mimi nilileta chai.

Kazi yenyewe: ndani ya kompyuta kuna kitu kinaitwa kiini. Programu zikilala kungoja kazi, kiini ndicho huzibishia hodi, na hurudia mpaka ziitike. Sasa jamaa mmoja wa ng'ambo anataka kibishe mara moja tu, basi, kisisumbue. Anitha anatakiwa ajibu kufikia Ijumaa: ndiyo au hapana. Ni ukaguzi wake wa kwanza. Akichemsha mbele ya mafundi wote wale, hawamwombi tena.

Nikamwambia hodi ni tatu tangu enzi za babu yangu. Akasema babu, kunywa chai.

Jumanne, 3 Juni
Anaelekea kusema ndiyo! Eti mabadiliko yanaongeza kasi. Kasi ya kwenda wapi?

Hamidi, fundi cherehani wa mlango wa pili, kanicheka mpaka kakohoa. Ati mfagia stesheni ya Gulwe leo anakagua kompyuta! Nilifagia, ndiyo. Lakini nilifagia karibu kabisa na kengele.

Watapata ushahidi. Nimemwagiza Ruthu wa maziwa: kesho piga hodi moja, nisipoitika nenda zako. Akauliza kama nina homa.

Jumatano, 4 Juni
Ushindi! Ruthu kapiga hodi moja. Mimi niko chooni. Nikatoka mbio nafunga mkanda, Ruthu hayupo, maziwa yangu kanunua Hamidi. Kanikaribisha chai ya maziwa, kasema akili zangu zimekolea vizuri humo. Nikanywa vikombe viwili. Ushahidi lazima uonjwe.

Anitha aliporudi kutoka ofisini Mtumba nikamweleza. Kasema programu haziendi chooni.

Tutaona.

Alhamisi, 5 Juni
Anitha kaenda kuoga, kompyuta kaiacha wazi pale pa kuwajibu mafundi. Nikaandika kwa kidole kimoja: HAPANA. Nikiwa chooni hodi moja haitoshi. Maziwa kachukua Hamidi. Nikabonyeza. Ikaenda. Dunia nzima!

Kaisoma, kakaa sakafuni na taulo kichwani. Hakupiga kelele, heri angepiga. Kasema polepole kwamba jina lililoandikwa juu ya habari za choo changu ni lake.

Sijutii! (Kidogo tu. Pale kwenye taulo.)

Ijumaa, 6 Juni
Jamaa wa ng'ambo kajibu. Kauliza kwa adabu huyo Hamidi ni nani, alipataje maziwa, na je, tunamaanisha programu ikiwa na shughuli nyingine wito unapotea?

Anitha kaivuta kompyuta. Halafu kaanza kuandika, chai ikapoa mbele yake. Katengeneza programu ndogo, kaipa shughuli, kiini kikabisha mara moja. Ilipomaliza shughuli zake ikajilalia, na kazi iko mlangoni inaingoja! Akawatumia. Wamekubali: hodi moja kwa programu zinazoiomba zenyewe, nyingine kama zamani. Na wamemwomba akague mabadiliko mengine.

Kaniletea chai, vijiko vitatu vya sukari. Halafu kaweka neno la siri kwenye kompyuta. Nisiiguse tena mpaka nife.

Jumamosi, 7 Juni
Ruthu bado anapiga hodi moja. Asubuhi ya nne hii, nami asubuhi zote niko palepale. Hamidi ananenepa. Kanishauri nimwambie Ruthu arudie hodi tatu, yaishe. Nimwambie, Hamidi apate la kusema? Ng'o! Utafiti unaendelea.

Mabadiliko mapya ni ya kugawa nafasi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Nafasi! Mimi niliyepanga magunia Gulwe! (Niliyaangalia yakipangwa.)

Anitha, najua unalipekua daftari hili. Ukaguzi ule uliokolewa na choo changu, kwa hiyo nakudai kitu kidogo sana, mama. Lile neno la siri. Niandikie hapa chini, herufi kubwa, miwani siioni.