Amplifaya Siku ya Posa

Jumapili, 13 Julai 2025

Nimeipata siri! Miaka yote nikidhani yule mpiga gitaa nnayempenda kazaliwa na vidole vya ajabu. Kumbe ni umeme! Nimesoma leo kazini (hapa Maskati Jumapili ni siku ya kazi; mkuu wangu alidhani nasoma waraka): zama zake za mwanzo, eti akiipa amplifaya yake umeme mdogo kuliko inavyotaka, kisha anafungua sauti mpaka mwisho. Amplifaya inalia kwa njaa. Ndiyo ile sauti yake nene, ya moto, kama nyama inayokaangwa. Mtandaoni wengine wanabisha. Mimi sibishi.

Nikamweleza mke wangu, Afra. Akaniuliza kama nakumbuka kuwa Alhamisi wanakuja watu kumposa binti yetu, Lujain. Nakumbuka sana. Ndiyo maana nna haraka.

Jumatatu, 14 Julai

Afra kamwalika kaka yake, Thani, aje kuwapigia wageni udi, lile gitaa la Kiarabu lenye tumbo. Thani! Shemegi huyu akigusa uzi mmoja tu, mashangazi wanafuta machozi. Mimi nikipiga gitaa, wanauliza kama kuna fundi juu ya paa.

Safari hii wataona. Nimekwenda maduka ya Wadi Kabir kutafuta kifaa cha kupunguza umeme. Hakuna. Nimepata swichi ya kupunguza mwanga wa taa. Muuzaji kaniuliza ni ya taa ngapi. Nikamwambia moja. Kubwa.

Jumatano, 16 Julai

Lujain kanikuta stoo na waya mkononi. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa juu ya gunia la mchele, akaniambia kuwa Bwana Talal, baba yake Bakhit anayekuja kumposa, ni mtu mzito. Posa hajaikubali, kakubali kuja tu kututazama. Na yeye Lujain hamtaki mwengine ila Bakhit.

"Baba, nakuomba," akasema. "Kesho gitaa lisiguswe."

Macho yamemjaa machozi. Nikamwahidi sitoligusa mbele ya wageni. Ahadi ni ahadi. Stoo si mbele ya wageni.

Alhamisi, 17 Julai

Ya Rabbi!

Wageni wamefika baada ya alasiri. Bwana Talal kakaa wima kama anayetuhoji kwa kazi ambayo keshampa mtu mwengine. Halwa hakuigusa. Kahawa. Kimya. Kahawa tena. Bakhit anatazama zulia. Thani naye, siku pekee anayotakiwa, kasahau udi garini na anaona haya kuinuka. Nikaona posa inatuponyoka. Nikasema moyoni, nyumba hii inataka sauti.

Nikaomba ruhusa nikalete barafu. Nikaingia stoo, nikafunga mlango. Amplifaya kwenye swichi, swichi ukutani, sauti mpaka mwisho. Nikapiga uzi mmoja.

Wallahi niliisikia! Ile ile! Nene, ya moto! Kwa muda wa kupiga chafya.

Kisha paa! Moshi, harufu ya plastiki, nyumba nzima ikazimika. Viyoyozi vyote. Julai, na joto la Mabela yetu!

Nikatoka na masizi puani. Afra kaniangalia tu. Lujain kajifunika uso. Bwana Talal akauliza kumetokea nini. Nikatafuta uongo, sikuupata. Nikamweleza yote: gitaa, swichi ya taa, amplifaya yenye njaa.

Jasho linamtiririka Bwana Talal. Akavua kilemba, akakiweka magotini, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani kapatwa na maradhi. Kumbe anacheka!

"Ndugu yangu Jaifar," akasema akijipangusa macho, "nimejikaza tangu asubuhi! Mke wangu kanionya nisicheke, eti mtanidharau."

Tukatoka sote uani, kwenye kivuli. Joto, lakini lina upepo kidogo. Halwa ikaliwa mpaka bakuli likang'aa. Thani akaleta udi, ambao, bahati yake, hauhitaji umeme. Mashangazi wakalia. Bwana Talal akaimba! (Sauti mbaya. Nimemsamehe.) Kabla ya magharibi tukasoma Fatiha. Posa imepita. Lujain kanipiga begani, kanikumbatia, kanipiga tena. Alhamdulillahi! Nimekaa kwenye joto hili nimelowa chepechepe, na sijawahi kupumua vizuri kama leo.

Ijumaa, 18 Julai

Fundi kaja. Nyaya za stoo zimeungua, basi. Nyumba salama. Friji salama. Amplifaya, mashaallah, salama! Thani anaitangazia familia nzima kuwa udi wake ndio ulioiokoa posa. Udi wake! Na umeme aliuzima nani?

Nimemwapia Afra kuwa umeme wa nyumba hii sitouchezea tena. Kaniambia nirudie kiapo mbele ya mashangazi. Nimerudia.

Jumamosi, 19 Julai

Nimesoma zaidi. Kumbe suala si umeme kabisa! Kuna mpiga gitaa mwengine, wa zamani zaidi, yeye wanasema aliikata spika yake kwa wembe. Inatoa sauti iliyochanika, tamu ajabu. Wembe tu! Hakuna moshi, hakuna fundi.

Tabu ni spika. Ya amplifaya yangu sithubutu. Lakini Thani kapanda ndege leo kwenda Salala kukimbia joto, na gari yake mpya kaiacha uani kwetu. Ufunguo uko jikoni. Spika nne, moja kila mlango.

Za nyuma nani huzisikiliza?