Windo Lisilo na Pembe

Kwa furaha kubwa, na kwa kujali ustawi wa wanyama wafanyao kazi, Idara ya Uwindaji wa Miinuko ilitangaza kwamba kuanzia mwezi wa Septemba kila farasi wa uwindaji aliyezidi miaka kumi na mitano atastaafishwa kwa heshima. Namna ya heshima yenyewe ilielezwa kwenye kiambatisho cha tatu, kwa herufi ndogo. Ilikuwa kiwanda cha soseji.

Waraka ulifika bonde la Kara-Saz ukiwa na mihuri minne, mmoja kichwa chini. Kalmurza, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa akiwaongoza wawindaji kule juu kwenye mbuzi mwitu, aliusoma mara mbili. Mara ya pili aliazima miwani ya mkewe.

"Wanasemaje?" Burulcha aliuliza, mikono imo ndani ya unga.

"Chabdar anastaafu."

"Afadhali. Atapumzikia wapi?"

"Ndani ya utumbo."

Burulcha aliacha kukanda. Nje ya hema la sufu, farasi wao Chabdar alikuwa amesimama akimkingia jua mbwa aliyelala. Alikuwa na miaka kumi na tisa, rangi ya chai ya maziwa, na mdomo wa chini uliolegea kama wa mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Isidhaniwe kwamba watu wa Kara-Saz hawali farasi. Wanakula, na wakishakula wanashukuru. Lakini yuko farasi wa kuliwa na yuko farasi aliyekurudisha nyumbani. Miaka kumi na mmoja nyuma, Burulcha alipopasuka kidole tumbo katikati ya theluji, Chabdar ndiye aliyemshusha hadi kwa daktari, saa saba za njia, akiweka kwato moja moja kama mtu anayebeba bakuli lililojaa supu. Tangu siku hiyo Burulcha hakuwahi kunywa chai kabla hajampelekea kipande cha mkate.

"Nani anaweza kumfuta kwenye orodha?" aliuliza.

"Aliyetia sahihi. Naibu Mkurugenzi. Mkono wake tu, wa mwingine haukubaliki. Na lori linakuja Jumatatu."

"Leo Alhamisi."

"Kesho anakuja yeye mwenyewe kufungua msimu. Nitamwomba."

Naibu Mkurugenzi, Bwana Ormonbek, aliwasili Ijumaa asubuhi akiwa amepanda farasi dume mweusi mwenye cheti. Farasi huyo alikuwa amefunzwa mjini, kwenye uwanja wa tambarare, na cheti kilithibitisha kwamba anaweza kupanda hadi mita elfu nne. Cheti kilikuwa kwenye mfuko wa tandiko, ndani ya fremu. Nyuma yake, juu ya farasi jike mdogo wa Idara, alikuja Bi Zuurakan, karani, mwanamke mwenye miwani minene na sanduku la fomu. Alikuwa mtumishi wa miaka ishirini na sita ambaye hajawahi kuruka mstari wa fomu hata mmoja.

"Mzee Kalmurza!" Naibu alisema, akimshika mkono kwa mikono miwili. "Wazee kama ninyi ndio nguzo. Nimekuja nionyeshe kwa vitendo uwindaji wa kisasa."

Burulcha aliwamiminia maziwa ya farasi yaliyochacha. Kalmurza alisubiri mgeni apanguse masharubu, kisha akasema, "Mheshimiwa, huyu farasi wangu. Nakuomba umfute kwenye orodha."

Naibu alimtazama Chabdar kwa huruma ya kweli. "Baba yangu, mimi ningependa sana. Lakini Waraka hauna kifungu cha kupenda. Nikimfuta mmoja, wengine watasemaje?"

"Farasi wengine?"

"Wananchi wengine."

Hata hivyo Waraka ulikuwa na ubinadamu. Kifungu cha sita kilimruhusu farasi mstaafu safari moja ya kuaga, kwa masharti: asibebe kiongozi, mgeni wala raia. Abebe windo tu, kulishusha mlimani. Kwa kuvunja kifungu hicho waongozaji wawili wa bonde la jirani walikuwa wamefukuzwa kazi mwezi uleule, na barua zao aliziandika Naibu mwenyewe, kwa masikitiko.

"Basi aje," alisema. "Atabeba mbuzi wangu. Ni heshima kubwa kumalizia kazi na windo la Naibu Mkurugenzi."

"Na ile desturi ya fungu?" Burulcha aliuliza. "Mmeiacha au mmeifuta?"

Huko milimani, mwindaji akirudi na windo, wa kwanza kukutana naye njiani husema neno moja tu, "Shyralga!", na mwindaji humwachia achague fungu alitakalo. Kalmurza aliwahi kufika nyumbani na mkia tu.

Naibu alinyanyua kidole. "Mama, sisi ni watu wa mila! Kifungu cha tisa. Atakayenyima fungu atanyang'anywa leseni. Nilikiandika mimi, na kwenye sherehe walinipigia makofi."

"Ulifanya vizuri, mwanangu," alisema Burulcha, akamwongezea maziwa.

Wakapanda. Kalmurza alitembea kwa miguu akimvuta Chabdar kwa kamba, kwa kuwa hakuwa na farasi mwingine. Saa sita walifika kwenye miamba ya juu, mahali ambapo hewa huwa nyembamba na maneno ya mtu mnene hukatika katikati. Kalmurza akanyoosha mkono. Ng'ambo ya genge alisimama mbuzi mwitu dume, mzee, pembe zimepinda hadi mgongoni.

Naibu akashusha bunduki begani. "Zuurakan... naruhusiwa?"

"Sharti awe ametimiza miaka kumi, Mheshimiwa. Tuhesabu pete za pembe." Zuurakan alichukua darubini. "Moja. Mbili. Tatu. Amegeuka. Naomba tuanze upya."

"Ni mzee huyo," Kalmurza alinong'ona. "Namjua. Ana miaka kumi na miwili."

"Una hati yake ya kuzaliwa?" aliuliza Zuurakan, bila ubaya wowote.

Walihesabu mara tatu. Mbuzi alivumilia, hata akakaa kidogo. Pete ya kumi ilipothibitishwa, ikaanza Fomu ya Kusudio la Kufyatua, yenye kurasa mbili na nakala. Naibu alikuwa anatia sahihi kwenye nakala pale mbuzi aliponyanyuka, akajikuna ubavu kwa ncha ya pembe na kuondoka taratibu kama mtu aliyeitwa kula. Kokoto alizoziangusha zikaporomoka gengeni kwa kishindo.

Farasi mwenye cheti hakuwa amewahi kusikia mlima ukizungumza. Alisimama kwa miguu miwili, akamweka Naibu chini, akageuka na kushuka kwa kasi ambayo cheti hakikuitaja. Fremu ilisikika ikivunjika mara mbili.

"Mguu wangu!" Naibu alilia. "Mama yangu, mguu wangu!"

Kifundo kilikuwa kimeteguka na kuvimba kama mkate kwenye tanuri. Kalmurza alivua shali yake ya shingoni, akamfunga barabara, akamtia mkononi vijidonge viwili vya maziwa makavu anyonye. Ukungu ulikuwa unapanda. Alimleta Chabdar karibu, upande wa jiwe, ili mgonjwa apande bila kuinuliwa sana.

"Haya, Mheshimiwa. Shika manyoya ya shingo."

"Samahani," Zuurakan alisema. "Kifungu cha sita."

Naibu akamtazama farasi wa karani.

"Nimpande yule jike mdogo," alisema Naibu.

"Ulimpanda mwaka jana, Mheshimiwa. Alikaa chini."

"Basi nimpande huyu, halafu usiandike."

Zuurakan alikunja uso kwa uchungu, kama mtu aliyeambiwa ampige mtoto. "Ripoti inakwenda mji mkuu. Na wale wawili waliofukuzwa wana wake na watoto. Wakisikia?"

Naibu alifikiri habari za wale wawili. Inasemekana ilikuwa mara ya kwanza. Theluji nyepesi ikaanza kumtulia kwenye masharubu.

"Mstaafu anaruhusiwa kubeba nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Windo."

"Basi jaza."

Zuurakan akapiga magoti kwenye theluji, akafungua sanduku.

"Aina ya mnyama?"

"Andika 'wengineo'."

"Jinsia?"

"Zuurakan!"

"Fomu inauliza, Mheshimiwa."

"Dume."

"Umri?"

"Hamsini na miwili."

"Sharti la umri limetimia. Pembe?"

"Hakuna."

"Uzito?"

"Themanini." Zuurakan aliinua macho, akamtazama Chabdar, ambaye naye alikuwa anamtazama Naibu. "Mia na kumi na nane," Naibu alijirekebisha.

"Limewindwa na nani?"

"Na Mzee Kalmurza," alisema Naibu, akiwa amefumba macho.

"Kwa silaha gani, Mzee?"

Kalmurza alitafakari, kwa kuwa hakupenda kusema uongo mbele ya serikali. "Hakuna silaha. Lilianguka lenyewe."

Naibu akatia sahihi. Muhuri ukapigwa. Fomu ikafungwa kwenye tandiko kwa uzi, kama sheria inavyotaka, na Chabdar akapewa mzigo wake.

Alimshusha kwa kwato moja moja, vilevile kama alivyomshusha Burulcha. Kwenye ukingo ule mwembamba, ambapo upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni mawingu, Naibu alimkumbatia shingo. Kalmurza, aliyekuwa mbele na kamba, alimsikia akisema polepole, "Pole, mzee. Pole sana, mzee wangu." Hakugeuka. Mtu akisema na farasi, si adabu kusikiliza.

Kwenye kivuko cha mto, Burulcha alikuwa anateka maji. Aliwaona wakitokea kwenye ukungu, akaweka ndoo chini. Alimwangalia mumewe kwanza, kisha farasi, kisha kile kilichokuwa juu ya farasi.

"Mmepata?" aliuliza.

"Tumepata," alisema Kalmurza.

Alisogea, akavaa miwani, akaisoma fomu yote, pamoja na mihuri. Alipofika kwenye uzito alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akafuta mikono kwenye aproni yake na kusema kwa sauti ya wazi:

"Shyralga!"

Naibu aliinuka juu ya tandiko. "Mama, mimi si windo!"

"Kwa mujibu wa fomu, Mheshimiwa ni windo," alisema Zuurakan. "Na kwa kifungu cha tisa, Mzee akinyima fungu ananyang'anywa leseni."

"Chagua, mama watoto," alisema Kalmurza.

Burulcha alizunguka farasi taratibu, kama afanyavyo sokoni. Alipapasa paja. "Hapa mafuta yamezidi. Mume wangu tumbo lake halitaweza." Alitazama uso. "Ulimi umefanya kazi mno, utakuwa mgumu." Naibu alikuwa amekauka kama kuni. "Nipe mkono wa kulia."

"Mama!"

"Usiogope, mwanangu, siukati. Nauazima. Zuurakan, binti yangu, ile orodha unayo?"

Zuurakan alikuwa nayo, na kalamu ilikuwa imeshafunguliwa tangu kwenye ukingo. Burulcha aliushika mkono wa Naibu, ulikuwa wa baridi, akaupulizia kwanza hadi vidole vikalegea. Ndipo mkono ukaandika: Chabdar, Kara-Saz, afutwe. Ukasita.

"Ni mkono mzima," Burulcha alimkumbusha. "Sikuomba kidole."

Mkono ukageuza ukurasa, ukapiga mstari juu ya orodha yote, farasi thelathini na wanne, kisha ukatia sahihi. Muhuri ukapigwa, safari hii wima.

Baada ya hapo walimteremsha, wakamkalisha karibu na moto, wakamlisha supu. Fungu likishatolewa, windo nalo ni mgeni.

Mwezi wa Desemba, kwa furaha kubwa, Idara ya Uwindaji wa Miinuko ilitangaza matokeo ya msimu: windo moja, dume, la aina ya wengineo. Kifungu cha kumi na moja kinataka kichwa cha windo la kwanza kitundikwe ukumbini, na Bi Zuurakan hajawahi kuruka kifungu. Alitundika picha, kubwa, ya rangi, kati ya kondoo mwitu na mbuzi wa mwaka juzi, na kibao cha shaba chini yake. Kuiondoa kunahitaji barua ya kueleza kwamba aliyemo si windo, na kwa hiyo alimpanda mstaafu kinyume cha kifungu cha sita. Naibu amejaribu kuiandika barua hiyo mara kadhaa. Wale waongozaji wawili amewarudisha kazini.

Kila asubuhi anapita chini yake akitazama viatu vyake. Lakini akikutana na mtu wa Kara-Saz kwenye ngazi, humvuta pembeni na kumuuliza kama Chabdar hajambo, na humpa kipande cha sukari ampelekee.