Mkate Uliorudi na Pembe

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Usafi,
Manispaa ya Sidi Zarruk,
Tunis.

Yah: Taka zangu kukataa kupotea

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na magari yako yote. Mimi ni Hedi Karray, karani mstaafu wa posta. Tangu mlipotuagiza tutenge taka, nimetenga, na mifuko nimeitoa getini kwa wakati. Nilidhani ikishachukuliwa imekwenda. Kumbe wapi! Hivi sasa amani ya nyumba yangu imeshikwa na uzi, nami nalalamika kama ifuatavyo:

1. Chupa. Daktari alinikataza soda kwa sababu ya sukari, nikamwapia mke wangu Wasila kwamba nimeacha. Nikawa nakunywa nyuma ya nyumba, chupa nazitumbukiza katika mfuko wa plastiki. Mwezi uliopita Manubia, mama anayezikusanya kwa mkokoteni, akatukuta mimi na Wasila mlangoni. Akanyanyua mikono: "Baba Hedi, Mungu akuzidishie kiu! Mtaa mzima hakuna chupa kama zako!" Wasila alimshukuru, akafunga mlango. Jioni aliyasema yote.

2. Chupa hizohizo, baada ya kusagwa na kuyeyushwa. Wasila alinunua kiti cha plastiki sokoni, rangi yake kijani ileile ya soda yangu. Nilipokikalia kikacheua. Naapa. Wasila akanitazama mimi, si kiti.

3. Mkate, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mama mkwe wangu, Lela Khaduja, anaishi ghorofa ya juu, na kila Ijumaa hunishushia mikate aliyooka mwenyewe. Ni mama mwema sana. Mkate wake unaweza kuwekwa chini ya gurudumu la lori mlimani na lori lisisogee. Kuutupa jalalani siwezi, sisi hatukufuru neema. Mkate ukianguka njiani tunauokota, tunaubusu, tunauweka juu ya ukuta. Kwa hiyo niliutia katika mfuko wa mikate mikavu, nikautundika getini kama watu wote, na Larusi mfuga kondoo akapita kuuchukua. Dhamiri safi, meno salama.

Ikakaribia Idi. Tukanunua kondoo kwa Larusi huyohuyo, dume mwenye pembe za kujisokota, akafungwa uani. Shayiri hataki. Majani hataki. Tukamwita Larusi aje amtazame, na ilikuwa Ijumaa, na Lela Khaduja akashuka na mikate ya moto. Kondoo akakata kamba, akavuka ua, akapiga magoti mbele yake akilia.

"Jamani, njooni muone!" akapaza sauti mama wa watu. "Huyu mnyama ananijua! Mkate wangu kaujulia wapi?"

Larusi akajibu kwa fahari, "Mama, huo ndio uliomlea! Si ule wa kwenye mfuko wa geti la..."

Hapo nikashikwa na kikohozi. Nilikohoa mpaka majirani wakanipiga mgongo na Larusi akasahau alichokuwa akisema. Lela Khaduja hakusahau. Amekataa kondoo achinjwe ("Nimchinje wa pekee anayenielewa nyumba hii?"), amempandisha kuishi naye ghorofani, na mimi huniketia mbele, mikono kifuani, mpaka niumalize mkate. "Kula, mwanangu. Kondoo akushinde?" Ninampenda mama huyu, Mheshimiwa, na akijua ukweli atavunjika moyo. Ndiyo hofu yangu.

4. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kitu kikishatoka getini kwangu kife. Kizikwe. Kichomwe. Kipelekwe jangwani, mahali ambapo upepo haurudi. Wakusanyaji waapishwe kama madaktari, na kondoo wote wa wilaya wazibwe pua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na kondoo, na hiyo si haki.

Nisalimie wafagiaji, madereva, karani wa masjala, na yule paka wa ofisini kwenu.

Wako katika usafi,
Hedi Karray

Nyongeza: Mheshimiwa, msizike kitu! Leo asubuhi Lela Khaduja aligeuka kumimina chai, nikaung'ata mkate kwa nguvu ili yaishe, na meno yangu ya juu, ya bandia, yakabaki humo ndani. Kwa hofu nikaukimbiza kwenye mfuko wa getini, niyachomoe akishapanda juu. Larusi akaniwahi. Yote niliyoandika hapo juu yafuteni. Nawasihi, yafuatilieni meno yangu hatua kwa hatua kama mlivyozifuatilia chupa zangu. Moja ni la dhahabu, upande wa kushoto. Na akionekana kondoo anayetafuna vizuri kuliko wenzake, asiuzwe. Fanyeni haraka, maana mama mkwe anawaambia majirani kwamba leo mkate umenikolea hadi nimeshindwa kufumbua mdomo, na Ijumaa ijayo ataniokea mara mbili.