Nimempa Mkono Bibi Harusi wa Rasbura, Ukabaki Kwangu

Jamani wanakikundi, heshima yangu ya miaka sabini nimeiacha Rasbura leo mchana, sebuleni kwa watu. Atakayeniwekea hapa kile kikatuni cha kulia kwa kucheka, asije kwangu tena.

Mnajua nasuka mikeka. Sina bosi, sina duka, nina vidole vyangu. (Maharusi wa Mtama karibu wote wamelalia kazi ya vidole hivi, anayebisha ajitokeze.) Sasa kuna mama katoka Dar, anachagua mikeka ya kwenda kwenye maonyesho. Kafikia Rasbura kwa Mama Salha, mpambaji wa maharusi. Akikupenda, kazi yako inaonwa na watu. Asipokupenda, unarudi Mtama na mzigo wako kichwani na majirani wote wako barazani. Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa.

Mjukuu wangu Zuhura kanisomesha kwenye simu tangu alfajiri.

"Bibi, mtu anakuamua pale pale anapokuona. Ingia na tabasamu. Mpe mkono, uushike vizuri. Taja jina, taja kazi. Na tafadhali, usimgombeze mtu."

"Mie nimefunda wari wangapi? Leo wewe wanifunda kuingia nyumba ya watu?"

"Bibi, tabasamu tu."

Haya. Nimefika na mikeka minne begani. Wingu limetanda, mchana umekuwa kama magharibi, na umeme umekatika. Nikapiga hodi. Mama Salha akaitikia kutoka uani, kwenye moshi wa jiko lake: "Pita bibi, mgeni yumo sebuleni!"

Nikapita.

Kiza. Mapazia yameshushwa, udi unafuka. Nikaona wanawake watano. Wanne wamesimama ukutani, shela nyepesi zimewashuka mpaka kifuani. Mmoja kakaa kitini, pembeni kabisa. Wote wamenielekea mimi. Wote kimya, kimya kile cha nyumba ambayo mtu katoka kukata roho.

"Asalaam alaykum."

Hakuna.

Nikatabasamu. (Meno ya mbele ninayo mawili, nikayatoa yote.) Hakuna. Nikangoja shikamoo yangu. Mwanamke niliyezaa saba nimesimama na mzigo, mabinti wananikodolea tu! Upepo ukaingia, shela zikatikisika zote nne kwa pamoja. Vifua chini yake havikutikisika. Nikatega sikio. Sikusikia mtu akipumua.

Nywele zilinisimama. Lakini mimi nikiogopa huwa nakasirika. Zuhura kasema nisigombeze. Nikagombeza.

"Nyie kwenu hamkufundwa? Mtu mzima anaingia, hata shikamoo hamna? Huko Dar ndivyo mnavyoishi?"

Nikasema labda ndiyo maringo ya mjini, basi mimi niwe mkubwa. Nikamwendea wa kwanza, nikampa mkono. "Naitwa Bibi Somoe, msukaji, natoka Mtama." Mkono wa baridi, baridi ya mtungi. Nikaushika vizuri kama nilivyoagizwa. Nikauvuta kidogo, kwa mapenzi.

Ukaja.

Mkono mzima, mpaka kiwiko, ninao mimi! Mwenyewe kabaki ukutani, anatabasamu.

La haula! Ayatul Kursi niliianzia katikati. Ndipo nikaona ndani ya ule mkono: tundu tupu. Plastiki! Masanamu ya kuvalishia shela! (Nyamazeni. Ya madukani kwetu hayana vichwa, unayajua toka mbali.)

Nilivyocheka! Peke yangu kizani, na mkono wa mtu kwapani. Nikayapitia moja moja nikiyasema. "Wewe umepauka. Wewe kiuno utadhani nyigu." Nikafika kwa yule wa kitini. Uso mweupe pee, macho yamefumbwa, mdomo wazi kidogo. "Na wewe, pua hii nani kakuchongea? Mume hupati." Nikaifinya.

Ikabonyea. Vidole vikatoka na uji mweupe. Na chini ya ule uji, joto.

Macho yakafumbuka.

Sijui nani alianza kupiga kelele, mimi au yeye. Nikakunjua mkeka mmoja nijikinge. Naye kakurupuka, kauvamia mkeka kwa uso mzimamzima. Mama Salha kaja mbio na taa.

"Bibi! Huyo ndiye mgeni! Nimempaka liwa usoni ang'ae, nikamwambia asitikisike mpaka ikauke, kasinzia!"

Nikauficha ule mkono wa plastiki mgongoni. (Kana kwamba kuna ambaye hajauona.) "Naitwa Bibi Somoe," nikasema, na tabasamu lote. "Msukaji."

Mgeni kajishika pua. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Hapo taa ikaumulika mkeka pale chini. Jamani. Uso umetokea juu yake, mweupe, vile vile: matundu mawili ya macho, mdomo umeachama. Unatutazama. Hata Mama Salha alirudi nyuma. Nikainama niufute kwa kanga kabla mzigo wangu haujafukuzwa.

"Usiuguse!" Mgeni akapiga magoti, akautazama, akautazama. "Huu ndio nautaka."

Ile mitatu ya miraba, niliyoisuka tangu mfungo mpaka macho yanauma, hata hakuikunjua. Kaisogeza kwa mguu.

Haya, nimechaguliwa. Anataka na mingine mitano ya kwenda Dar, ila kila mkeka uwe na uso wa mtu mwingine.

Liwa nimeshasaga. Zuhura keshakata simu. Nani kati yenu ana dakika kumi, aje apige kelele kwenye mkeka?