Sukari na Mapaa Mawili

Jumamosi, 10 Januari

Haya, Macho-Juu, yeyote uliye. Umeshalichomoa daftari langu kwenye debe la mahindi, basi soma. Ila ukisoma uwe upande wangu.

Leo nimemwona Sukari akiruka! Wiki sita sijamwona. Ni yeye, lile baka jeusi shingoni nalijua. Yuko na kundi la njiwa wa Fundi Lutfi kinyozi, paa la tatu kutoka letu, anazunguka nao kama kazaliwa huko. Msaliti! Njiwa huyo nimemlea mimi. Mama yake alikufa yeye ana siku nne. Nikatafuna dengu, nikamlisha mdomo kwa mdomo siku ishirini. Mama akasema nitaota manyoya.

Kosa si langu. Sawa, Novemba nilisimama mkahawani kwa Haji Bayumi, mbele ya wafugaji wote, nikamtangazia Fundi Lutfi vita. Alinicheka! Alisema kizimba changu kimeundwa kwa mlango wa choo. (Ni mlango wa jikoni.) Mkiwa na amani, njiwa akipotea anarudishwa. Mkiwa vitani, aliyemkamata ndiye mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwetu Kairo. Siku ya pili tu akamkamata Sukari. Siku ya pili! Akamfunga mbawa, akamwoza.

Ndiyo, ana mke huko. Na mayai mawili. Haidhuru. Nina mpango.

Jumapili, 11 Januari

Mpango ulikuwa Mabruka. Jike langu zuri kuliko wote, anatembea kama bibi harusi. Nikamrusha akamtongoze Sukari, amlete nyumbani. Akaenda vizuri. Akazunguka mara mbili, maridadi. Akatua kwa Lutfi. Akaanza kula.

Lutfi akanipungia mkono kwa adabu kabisa. Sasa ana wangu wawili.

Mama kauliza mbona kizimba kimya. Nimemwambia wamefunga saumu.

Jumatatu, 12 Januari

Nimeshtaki kwa Haji Bayumi, maana ugomvi wote wa njiwa mtaani anaamua yeye. Akanikumbusha vita nilitangaza kwa mdomo wangu. Nikasema nina shahidi kwamba Sukari ni mwanangu: Rizq, mkaanga bajia. Haji akauliza, Rizq anafuga njiwa? Kumi na sita, nikasema. Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Ati nani asiyejua kwamba ushahidi wa mfuga njiwa haupokelewi hata kwa kadhi, maana kwa ajili ya ndege anaapa chochote. Haji mwenyewe anao themanini!

Basi akili ikanijia palepale. Nikasema Sukari achague mwenyewe. Haji amrushe uwanjani. Paa atakalotua, mwenye paa hilo ndiye mwenye njiwa. Alhamisi, saa nne asubuhi, maana saa hiyo kinyozi ana wateja na mikono imejaa sabuni. Mjanja mimi!

Lutfi kakubali yote ila saa. Anataka jioni. Ati saa nne ndiyo zamu ya dume kulalia mayai, mke anatoka kula, na kwa baridi hii ya Januari si vizuri, vifaranga wanatoka Jumamosi. Hila tupu! Nikamuuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, kama anaogopa msichana na mlango wa jikoni. Mkahawa mzima ukamgeukia.

Kakubali.

Alhamisi, 15 Januari

Upepo, baridi ya kukata masikio. Mimi juu na bendera nyekundu ya kumwitia njiwa, mdomo umejaa dengu; atakayeshusha bendera kwanza kakubali kushindwa. Lutfi kwake na bendera nyeusi, kavaa aproni ya kazini. Mtaa mzima unaangalia.

Haji akamrusha. Sukari akaja kwangu! Moja kwa moja! Nimeliona jicho lake. Ndipo Lutfi akapiga mluzi, Sukari akageuka. Nikapiga wangu, dengu zikatawanyika, akarudi. Mluzi wa Lutfi, akaenda. Wangu, akaja. Watu wakashangilia. Baada ya saa moja wakaacha kushangilia. Mke wake naye akapanda, akawa anamfuata nyuma, huku na huku. Sote macho juu. Hakuna aliyekwenda kuangalia kiota.

Kuna wakati niliona bendera ya Lutfi imeshuka kidogo. Nikainua yangu zaidi.

Saa saba Sukari akaanguka kwenye dishi la Umm Bahig, paa lililo kati yetu. Mbawa wazi, mdomo wazi. Umm Bahig, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, akamfunika kwa shali yake, akatuambia sisi wawili maneno ambayo siyaandiki hapa.

Ijumaa, 16 Januari

Baada ya swala Fundi Lutfi kagonga mlango. Kashika taulo la kinyozi, ndani Sukari na Mabruka. Mayai yamepoa. Jumatano aliyaweka sikioni, vifaranga walikuwa wakigonga. Leo kimya.

"Mchukue Sukari," akasema. "Hana tena mayai kwangu."

Nilikuwa na hotuba ya ushindi, nimeiandaa siku tatu. Nikasema karibu chai, ami. Hakukaa. Kwenye ngazi akageuka.

"Ningeshusha bendera, mwanangu. Nilikuwa nakungoja uanze wewe."

Jumapili, 18 Januari

Sukari yuko nyumbani. NIMESHINDA. Nimeliandika kwa herufi kubwa ili nilione vizuri.

Hali chakula. Nimemtafunia dengu kama zamani, kageuza kichwa. Kila siku saa nne kamili anatoka kizimbani, anakwenda ukingoni, anaelekea kwa Lutfi, analalia tofali. Tofali tupu. Mpaka saa kumi. Kisha anaingia ndani. Sikulia. Ni vumbi.

Mama kasema niende kwa ami Lutfi, nimwombe radhi, nitangaze amani, na huyo mke wa Sukari, ami atanipa mwenyewe kwa mkono wake. Amani! Mimi! Baada ya lile neno la choo!

Hapana. Vita haijafutwa, na sheria ni sheria: ukimkamata, wako. Kesho namteka mke wake, namletea Sukari, yaishe. Nitamtega kwa kumtumia Mabruka. Safari hii nimemweleza vizuri.

Saa nimeipanga. Saa nne.

We Macho-Juu, ungekuwa mimi, ungefanya nini?